Mdogo wangu ana sikoseli, mgongo unamuuma wiki ya tatu sasa. Ni krisisi au pingili zimeharibika?

Swali lililoletwa ni hili, nimelifupisha: "Habari daktari. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 19, ana sikoseli SS (amerithi jeni la sikoseli kwa baba na kwa mama). Mgongo katikati unamuuma wiki ya tatu sasa, dawa zinatuliza kidogo halafu maumivu yanarudi. Hajaanguka wala hajabeba kitu. Eksirei imesomwa kwamba pingili zake zimebonyea katikati kama herufi H. Nyumbani wote tuna hofu, je mgongo umevunjika? Atapooza? Tumlaze tu kitandani? Na mtoto wa shangazi ana thalasemia, naye analalamika mgongo, ni ugonjwa mmoja?"

Dada pole sana, na dogo mpe pole, wiki tatu za mgongo ni nyingi mno hata kwa mtu aliyezoea maumivu. Nianze na hiyo H maana naona ndo imewatisha kuliko vyote. Pingili kuwa na umbo la H sio mvunjiko, na umbo hilo peke yake halimpoozeshi mtu. Ni kovu. Limeanza kujijenga miaka ya nyuma huko akiwa bado anakua, tena inawezekana kabisa lilikuwepo kabla hata ya hii wiki ya kwanza ya maumivu. Kwa hiyo hofu ya herufi H iwekeni pembeni, lakini pia msiridhike nayo, maana kovu la zamani halielezi kwa nini mtu anaumwa mfululizo wiki tatu sasa hivi. Kuna kitu kipya kinatakiwa kitafutwe na hilo ndo litakuwa jibu langu kwako kwa sehemu kubwa.

Kovu lenyewe linatokeaje? Pingili ndani imejaa uboho, yaani ute wa mfupa unaotengeneza damu, na uboho unahitaji damu nyingi muda wote. Zile chembe nyekundu zikikosa oksijeni zinajikunja, zinakuwa ngumu, zinaziba mishipa midogo. Sasa uso wa juu na wa chini wa pingili, pale katikati, unalishwa na mishipa mirefu isiyo na njia mbadala, wakati pembeni kuna mishipa mingine mifupi inayosaidia. Yaani pale katikati ni kama nyumba ya mwisho kwenye bomba la maji, presha ikishuka yenyewe ndo inakauka kwanza. Sehemu ile inakufa kidogo kidogo inaacha kukua, pembeni panaendelea kukua kama kawaida, mtoto anapofika ujana unakuta pingili imebonyea katikati ghafla kama ngazi, juu na chini, ukiitazama kwa ubavu ni H. Daktari wa picha akiiona tu anajua huyu ni sikoseli hata kabla hajasoma jina kwenye karatasi, ingawa magonjwa mengine machache huwa yanaiga.

Kuna umbo lingine linalochanganywa nalo, pingili iliyobonyea taratibu kama bakuli, pande zote mbili, bila ile ngazi. Hiyo inatokana na mfupa kuwa laini, uboho umepanuka kwa sababu mwili unahangaika kutengeneza damu, mfupa wenyewe ukabaki mwembamba. Hiyo ndo inaweza kusinyaa ikavunjika hata kwa kukohoa au kuinama. Kwa hiyo mwombe daktari akwambie wazi, ni H tu au kuna pingili iliyopungua urefu wake? Swali dogo lakini linabadilisha mengi.

Sasa twende kwenye wiki tatu.

Tatizo ninaloliona sana kwa familia zenye sikoseli, na kwa wahudumu wa afya pia, ni kwamba neno krisisi, yaani shambulio la maumivu chembe zikiziba mishipa, linameza kila kitu. Mtoto akiumwa mguu krisisi, tumbo krisisi, kifua krisisi, mgongo krisisi. Mara nyingi ni kweli, sikatai, mgongo wa chini na wa kati ni moja ya sehemu ambazo krisisi inapenda kukaa. Lakini krisisi ina tabia yake. Inakuja kwa kasi, mara nyingi inagusa sehemu zaidi ya moja, inapanda siku mbili tatu, halafu inashuka, na kwa kawaida ndani ya wiki moja hivi mtu anarudi kwenye hali yake. Na mgonjwa mwenyewe anaijua. Hilo ni swali la kwanza ninalouliza siku zote, namuuliza yeye sio mama yake: "haya maumivu ni yale yale unayoyajua au ni tofauti?" Akisema ni tofauti namuamini. Mtu aliyeishi na maumivu miaka 19 anayajua yake.

Maumivu yaliyoganda sehemu moja, katikati kabisa ya mstari wa mgongo, yasiyoisha wiki ya tatu, yanayoamsha mtu usiku, hayo sitaki yaitwe krisisi mpaka vingine viondolewe. Kuna kipimo kimoja hakihitaji mashine, daktari anapita na kidole gumba pingili moja moja kutoka shingoni kushuka chini, anabonyeza taratibu. Kwenye krisisi mara nyingi unakuta eneo zima linauma, misuli imekaza, mgonjwa hawezi kukuonyesha ni wapi hasa. Lakini ukifika kwenye pingili moja akaruka, ukabonyeza ya juu yake hakuna kitu, ya chini hakuna kitu, ukirudi kwenye ile anaruka tena, hapo kuna jambo kwenye hiyo pingili. Kama hakuna mtu aliyemgusa mgongo hivyo mpaka leo, uchunguzi bado haujafanyika hata kama amepigwa eksirei mara ngapi.

Ninachokiogopa zaidi kwa dogo ni maambukizi kwenye mfupa. Watu wa sikoseli SS wengi wao bandama limeshaacha kufanya kazi kabla hata hawajafika miaka 5, na bandama ndo linachuja bakteria kwenye damu. Halafu ile mifupa iliyokufa vipande vipande inakuwa makazi mazuri ya vijidudu. Wawili wanaoongoza ni salmonela, anayetoka kwenye utumbo, na stafilokokasi, na kifua kikuu pia kinapenda sana pingili za mgongo, tena chenyewe kinakuja taratibu mno, wiki kwa wiki, bila homa kali. Kiukweli mfupa kukosa damu ni jambo la kawaida zaidi kuliko mfupa kupata maambukizi, mara nyingi sana zaidi, kwa hiyo sio kwamba nakutisha. Ila matokeo ya kuchelewa hayafanani. Mfupa uliokosa damu ukisubiri unatulia wenyewe, mfupa wenye usaha ukisubiri unaoza, usaha unaingia kwenye njia ya mishipa ya fahamu na hapo ndo habari ya kupooza inapoanza.

Na hapa kuna mtego mmoja wa vipimo nataka uujue. Mkipima damu wakaangalia ESR, kipimo kinachopanda mwili ukiwa na maambukizi au uvimbe, ikaja nzuri, msifurahi haraka. ESR inapima kasi ya chembe nyekundu kutuama, na kawaida zinatuama haraka zikipangana juu ya mwenzake. Chembe zilizojikunja haziwezi kupangana vizuri, kwa hiyo kwa mtu wa sikoseli ESR inaweza kusoma chini hata kama ndani kuna moto. CRP, kipimo kingine cha damu cha kazi hiyo hiyo, inaaminika zaidi, na hata hiyo inapanda kwenye krisisi ya kawaida, kwa hiyo wanaangalia inaelekea wapi siku hadi siku, sio namba moja tu. Chembe nyeupe nazo kwa hawa watu huwa juu hata siku wako wazima, zisiwapoteze.

Eksirei nayo kwa maambukizi mapya inachelewa, wiki mbili au zaidi mfupa unaweza kuonekana salama huku unaliwa. Kwa wiki ya tatu, na kwa maelezo yako, ningetaka MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, ya mgongo wote, sio kipande tu. MRI inaonyesha uboho, diski, usaha, na inaonyesha kama mishipa ya fahamu inabanwa. Daktari wa picha ataangalia sana diski, yaani ile gegedu kati ya pingili na pingili. Maambukizi ya bakteria yanapenda kula diski na pingili mbili zinazotazamana, wakati mfupa uliokosa damu kawaida unaiacha diski yake salama. Sio sheria ya moja kwa moja, kuna picha ambazo hata mabingwa wanabishana, ndo maana damu ya kuotesha vijidudu inatakiwa ichukuliwe kabla antibayotiki haijaanza, isipokuwa mgonjwa awe amezidiwa hapo hamna kusubiri. Na wakati mwingine inabidi wachukue kinyama kidogo kwenye pingili kwa sindano wakiongozwa na picha. Najua watu wanaogopa sindano ya mgongo, lakini matibabu ya maambukizi ya pingili ni antibayotiki wiki 6 hivi, na kifua kikuu ni miezi mingi, huwezi kumpa mtu dawa muda wote huo kwa kubahatisha kijidudu.

Msisahau pia kwamba mgongo unaweza kusingiziwa. Figo zikipata maambukizi zinauma ubavuni nyuma, mkojo unaweza kuwa na damu. Mawe kwenye mfuko wa nyongo, ambayo wenye sikoseli wanayapata mapema sana, yanatupa maumivu mpaka bega la kulia nyuma. Kichwa cha mfupa wa paja kikifa pale nyongani mtu anakwambia kiuno, ukimzungusha mguu ndo unajua sio kiuno. Na choo kigumu kutokana na dawa kali za maumivu, hicho kinauma mgongo wa chini vibaya na hakuna anayeuliza.

Sasa kupooza, maana umeuliza. Kinachopoozesha ni kitu kinachobana au kinachonyima damu mishipa ya fahamu ndani ya uti wa mgongo, usaha, pingili iliyoporomoka, damu iliyovuja, uvimbe. Uti wenyewe kukosa damu kwa sababu ya sikoseli inatokea lakini ni nadra sana. Dalili zake zisisubiri asubuhi: miguu kuwa mizito au kulegea, kujikwaa ngazi alizokuwa anapanda, ganzi inayopanda kutoka miguuni, ganzi kwenye mapaja ya ndani na sehemu anayokalia, mkojo kugoma au kuvuja, choo kutoka bila kujua. Hiyo ya mkojo vijana wa kiume wanaificha. Mtu yuko wodini anachomwa mofini, hajakojoa tangu asubuhi, anajisemea ni dawa, na kweli mofini inaweza kufanya hivyo, lakini kuamua kwamba ni dawa sio kazi yake wala sio yako, ni kazi ya daktari baada ya kumpima nguvu za miguu. Muulize dogo moja kwa moja, umekojoa saa ngapi mara ya mwisho, na unahisi unapojifuta chooni? Aibu kidogo, lakini uti uliobanwa unahesabiwa kwa masaa.

Kuhusu kulala kitandani, hapana, sikubaliani. Siku mbili tatu za kujihifadhi wakati maumivu ni makali sawa, lakini kulala wiki na wiki kunalainisha mfupa zaidi, kunaongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, na wenye sikoseli tayari wana hatari hiyo zaidi ya wengine. Kitu kingine ambacho watu hawakitegemei ni mapafu. Mtu akiumwa mgongo au mbavu anapumua juu juu kwa sababu pumzi ndefu inauma, sehemu ya chini ya pafu inajifunga, oksijeni inashuka, chembe zinajikunja zaidi, na siku ya pili au ya tatu tangu alazwe unaona kifua kimebadilika, kikohozi, homa, anahema. Hiyo ni hatari ya kweli, inaua. Mfanye avute pumzi ndefu kumi kila masaa 2 akiwa macho, kuna kifaa cha kupulizia hospitali wanacho, kama hakipo avute tu mwenyewe taratibu ashikilie kidogo aachie. Jambo dogo, limeshafanyiwa utafiti kwa wagonjwa wa sikoseli wenye maumivu ya kifua na mgongo, na linasaidia.

Asikandwe mgongo kwa nguvu wala kunyooshwa na mtu yeyote mpaka MRI ijibu. Kitambaa cha uvuguvugu sawa, barafu hapana, baridi inabana mishipa. Dawa za maumivu za aina ya diklofenaki na ibuprofeni waulizeni kwanza figo zake zikoje, wiki tatu za kumeza mfululizo kwa mtu wa sikoseli sio jambo la kufanya kimya kimya. Na steroidi msikubali zitolewe ovyo kwa ajili ya maumivu, zikisimamishwa zinaweza kuleta krisisi kali kuliko ya mwanzo. Kama uti umebanwa daktari anaweza akaamua kuzitumia, hiyo ni hesabu nyingine na lazima daktari wa magonjwa ya damu awepo kwenye hayo maamuzi. Vivyo hivyo ikifika habari ya upasuaji, wa mifupa na wa damu wakae pamoja, aongezwe damu kabla, lengo huwa himoglobini ya 10 hivi, sio kupandisha juu zaidi maana damu ikiwa nzito nayo inaziba.

Mtoto wa shangazi sasa. Ni ugonjwa wa damu wa kurithi lakini mgongo wake unaumwa kwa sababu zake. Thalasemia haizibi mishipa kama sikoseli. Kwake mfupa unalainika, kwa sababu uboho umepanuka, kwa sababu madini ya chuma ya damu anazoongezewa yanaharibu tezi za homoni (binti anayechelewa kuvunja ungo au mvulana anayechelewa kubalehe, hapo mfupa nao unakosa chakula chake), na vitamini D mara nyingi iko chini. Anahitaji kipimo cha uzito wa mfupa, homoni zipimwe, na kuna dawa za kuimarisha mfupa. Kama ni mtoto na anatumia deferoksamini, dawa ya kutoa chuma mwilini, mwambieni daktari ampime urefu akiwa amesimama na akiwa amekaa pia, maana dozi kubwa wakati chuma sio kingi inaweza kubana ukuaji wa pingili, kiwiliwili kikabaki kifupi kuliko miguu.

Lakini cha kwake cha kipekee ni kingine. Wale wa thalasemia ya kati, ambao hawaongezewi damu mara kwa mara, mwili unashindwa kutosheka na uboho uliopo, unaanza kutengeneza damu nje ya mfupa, na sehemu moja inayopendwa ni pembeni ya mgongo kwenye usawa wa kifua. Yanaota mavimbe. Mengi hayana shida, yanaonekana kwa bahati kwenye picha, ila mengine yanaingia ndani yanabana uti, taratibu, mtu anaanza kusema miguu inachoka, mwaka mzima inaitwa upungufu wa damu. Uzuri ni kwamba haya yanatibika. Kuongezewa damu kunauambia mwili uache, mionzi ya dozi ndogo inayafanya yasinyae haraka, dawa ya haidroksiurea inasaidia, na upasuaji unabaki kwa waliobanwa vibaya. Wenye sikoseli nao wanaweza kuyapata ila ni mara chache.

Na kwa kuwa najua wenye hemofilia, ugonjwa wa damu kutoganda vizuri, nao watasoma hapa, neno moja. Kwenu mgongo unaouma ghafla, au kinena kinauma na mguu umekunjika haunyooki na ganzi ipo mbele ya paja, chukulieni ni damu inavuja mpaka ithibitike vinginevyo. Faktari, ile dawa yenu ya kugandisha damu, kwanza, picha baadaye. Isichomwe sindano ya mgongo wala ya msuli kabla ya faktari, na dawa jamii ya aspirini na diklofenaki sio zenu.

Dada, kesho usiende kusema "ana krisisi", ukisema hivyo atapewa dripu na sindano ya maumivu mrudi nyumbani. Sema hivi: ana sikoseli SS, maumivu ya mgongo katikati wiki tatu hayaishi na hayafanani na krisisi zake, naomba apimwe nguvu za miguu, CRP, damu ya kuotesha, na MRI ya mgongo wote. Pima joto leo usiku. Likifika 38.5 au ukiona yoyote kati ya zile dalili za miguu na mkojo, usisubiri kesho, ondokeni usiku huo huo.

Kama hatumii haidroksiurea uliza kwa nini. Utafiti mkubwa uliotoka 1995 ulionyesha kwa watu wazima krisisi zinapungua karibu nusu, na kila krisisi isiyotokea ni damu inayofika kwenye hizo pingili. Mpira na kukimbia asimamishe kwa sasa, kutembea atembee. MRI ikitoka niandikie maelezo yote ya daktari wa picha kama yalivyo, sio ule mstari wa mwisho tu, hasa alichosema kuhusu diski.